Kabla ya Kumhoji Mtu, Soma Rejista

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea uandishi wa habari katika chuo kikuu cha hapa Uganda, ambacho sitakitaja, aliniandikia ujumbe mrefu kwenye WhatsApp. "Dada, habari za kazi," alianza. "Hapa chuoni kwetu alama zinauzwa. Wanafunzi wote wanajua bei, lakini kila ninayemwomba aseme ananiambia nisimtaje, na wengine wameanza kunikwepa. Nianzie wapi? Na je, nitumie jina langu?"

Jibu fupi nilimpa siku hiyohiyo. Jibu refu ni hili, na nimeliweka hadharani kwa sababu najua si yeye peke yake anayelitaka. Wengi wenu mnaonisoma mna shule au chuo fulani moyoni, mna jambo mnalolijua na mnatamani siku moja lisomwe na nchi nzima. Nawaambia nilichomwambia yeye: usianze na watu, anza na karatasi. Najua linasikika kama jibu la karani. Wanaoingia katika kazi hii huota ile picha ya mwandishi anayekutana na mtoa siri gizani nyuma ya baa na kukabidhiwa bahasha yenye ushahidi. Mimi sijawahi kukabidhiwa bahasha gizani. Bahasha nilizonyoshewa zilikuja mchana kweupe, na ndani yake hamkuwa na siri yoyote.

Nilijifunza hili nilipokuwa nikiandikia redio moja ya mashariki mwa nchi, nikilipwa kwa kila habari na si kwa mwezi. Mjumbe mmoja wa kamati ya shule ya msingi ya serikali alininong'oneza kwamba shule yao ilikuwa ikipokea fedha za watoto wasiokuwepo. Wanafunzi hewa si jambo geni kwetu. Tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, uanze mwaka 1997, serikali hutuma ruzuku kwa kuhesabu watoto walioandikishwa, na kwa hiyo kila jina linaloongezwa kwenye orodha ni fedha. Mwalimu mkuu alinipokea kwa ukarimu mkubwa. Aliniagizia chai na mandazi, akanitembeza hadi kwenye choo kipya, na kila nilipouliza idadi ya wanafunzi alinijibu kwa habari za uhaba wa madawati. Walimu wawili niliowavuta pembeni waliapa kwamba wao hufundisha tu na mengine hawayajui. Kama ningeendelea na mahojiano, ningerudi nyumbani na saa nzima ya sauti isiyokuwa na kitu ndani yake.

Nikaomba kuona rejista ya mahudhurio ya darasa la tano. Hakuona hatari yoyote, kwa sababu rejista ni daftari ambalo kila mkaguzi hulifungua na karibu hakuna anayelisoma. Lilikuwa daftari pana lenye jalada la kijani lililochakaa kingo, na alama za vyema zilikuwa zimepangwa safu kwa safu kwa wino wa bluu, nadhifu kupita kawaida ya mwalimu mwenye darasa lililojaa. Niliposhusha kidole hadi mwezi wa Juni, nikakuta kwamba watoto wote, pasipo hata mmoja kukosa, walihudhuria masomo tarehe 3 na tarehe 9. Kwa msomaji aliye nje ya Uganda, tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi na tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa. Zote mbili ni sikukuu za taifa, na mwaka ule zote ziliangukia siku za kazi. Aliyejaza rejista ile alikuwa ameketi siku moja akapiga vyema vya muhula mzima, na hakujisumbua kutazama kalenda ukutani.

Nilipomwonyesha mwalimu mkuu safu zile mbili, alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, kisha akaniuliza ni mwanasiasa gani aliyenituma. Swali langu hakulijibu. Lakini jioni ileile walimu wale wawili walinipigia simu, kila mmoja kwa wakati wake, na wakanieleza jinsi majina yalivyokuwa yakihamishwa kutoka orodha za miaka iliyopita. Asubuhi walikuwa wakiombwa wawe wasaliti. Jioni walikuwa wakifafanua tu jambo ambalo tayari lilikuwa limeonekana na mgeni. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu mwenye mshahara mmoja, watoto wanne na nyumba ya shule anayoweza kufukuzwa kesho. Karatasi humwondolea mtu mzigo wa kuwa wa kwanza kusema, na ndiyo sababu naitanguliza.

Nchi yetu yenyewe ina ushahidi wa nguvu ya njia hii, na inanishangaza kwamba waandishi wengi wa hapa hawaujui. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia ruzuku zilizotoka serikali kuu kwenda shule za msingi za Uganda kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Waligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha hizo, na kwamba sehemu kubwa iliyobaki iliishia njiani, mikononi mwa maofisa wa wilaya. Hawakuhitaji mwizi akiri. Walilinganisha vitabu vya serikali kuu na vitabu vya shule, basi. Baadaye serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata kama asilimia 80. Wapo wachumi waliosema kwamba magazeti yamepewa sifa kupita kiasi, kwa kuwa wakati uleule serikali ilikuwa ikibadilisha mambo mengine katika utumaji wa fedha, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mimi nimewaona wazazi wakisimama mbele ya ubao wa matangazo wa shule na kuhesabu kwa vidole. Siku hizi nikifika shule yoyote huutazama ubao kabla ya kubisha hodi ofisini, na ubao mtupu nauandika daftarini kama ninavyoandika ubao uliojaa.

Kuhusu karatasi ambazo hazibandikwi, sheria ipo. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 inaeleza namna ya kuziomba. Ombi hupelekwa kwa mtendaji mkuu wa taasisi, yaani Makamu Chansela kama ni chuo kikuu cha umma, au ofisa mkuu wa utawala, ambaye sote humwita CAO, kama ni wilaya. Anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Akikaa kimya, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukataa, na unaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Sheria inasema pia kwamba sababu zako za kuomba hazipunguzi haki yako, kwa hiyo karani akikuuliza unataka za nini, mjibu kwa adabu kwamba ni za kusoma.

Sikudanganyi kwamba sheria hii ni muujiza. Waandishi wawili wa Daily Monitor, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, waliitumia kuomba mikataba ya mafuta, wakanyimwa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2010 hakimu wa Nakawa akawaangusha. Lakini taarifa za shule si mikataba ya mafuta. Mara nyingi ofisa anayekalia ripoti ya ukaguzi hana kikubwa anachokilinda isipokuwa starehe yake, na barua rasmi inayotaja kifungu cha sheria humwondolea starehe hiyo. Shule na vyuo binafsi haviguswi na sheria hii moja kwa moja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Wanasahau kwamba shule binafsi husajiliwa na kukaguliwa na serikali, na kwamba ripoti ya mkaguzi ikishafika wilayani ni karatasi ya umma. Usiombe kwa mwenye shule. Omba kwa yule aliyemkagua.

Jambo moja dogo kuhusu masjala: karani atapokea barua yako kwa tabasamu na kuiweka kwenye trei bila kuigonga muhuri. Usiondoke. Nenda na nakala mbili, simama hapo mezani, na ungoje hadi nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, hata kama muhuri "umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda kula". Nimengoja hadi mwenye ufunguo amemaliza kula. Bila muhuri ule huna siku 21, huna hakimu, huna kitu.

Sasa nije kwenye habari iliyonifanya niwe mwandishi niliye, na ambayo bado inaniuma. Katika shule moja ya sekondari, si mbali na nilikokuwa nikiishi, kulikuwa na mwalimu ambaye wasichana walikuwa wakionyana juu yake. Mmoja wao, aliyekuwa chini ya miaka 18, aliacha shule akiwa mjamzito. Nilikwenda nyumbani kwao. Baba yake alikuwa mzee mpole, alinikaribisha kiti, akaniuliza ukoo wangu, na tulipomaliza salamu akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtoto wetu. Usituandike. Sisi tumeshayamaliza na mwalimu." Nyumba ilikuwa ya udongo, kuta zake zimeanza kupasuka, lakini mabati yalikuwa mapya kabisa, na maandishi mekundu ya kiwandani yalisomeka kwenye kila bati. Mama wa binti alikuwa ameketi mkekani akimenya muhogo. Hakuinua macho tulipokuwa tukizungumza, wala mumewe hakumgeukia hata mara moja.

Sikumlaani mzee yule wakati ule, na sasa pia silaani umaskini wake, lakini ni lazima niseme wazi kwamba hakuwa na mamlaka ya kuyamaliza. Kumnajisi mtoto ni jinai dhidi ya dola, haimilikiwi na baba, na hakuna idadi ya mabati inayoifuta. Hapa kwetu siri ya shule hailindwi na mwalimu mkuu peke yake. Inalindwa na mzazi aliyelipwa, na mwenyekiti wa kijiji aliyeshuhudia malipo na kupata chake, na mwalimu mwenzake anayesema "tusiharibu jina la shule", na kiongozi wa dini aliyealikwa kufunga kikao kwa sala. Mwandishi anayeingia katikati ya watu hao na kinasa sauti mkononi anaomba kijiji kizima kijishitaki. Hakitajishitaki.

Mama yule alinisindikiza hadi barabarani, kama ilivyo desturi. Hakunieleza lolote kuhusu binti yake. Alinitajia tu jina la shule ambako mwalimu yule alitoka kabla ya kuja kwetu, akaongeza, "Na huko pia waliyamaliza," akarudi kwenye muhogo wake. Jina lile la shule lilinitosha. Mwalimu wa serikali hahami kama ndege. Kila anapokwenda kuna barua, na kila barua ina nakala. Nilizipata barua za uhamisho, baadhi kupitia ombi rasmi na baadhi kupitia mtu wa ofisini ambaye sitamtaja hadi nazikwa. Zilikuwa tatu. Kila moja ilitolewa katika muhula uleule ambao malalamiko yalikuwa yameandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za shule, na kila moja ilisema kwamba mwalimu anahamishwa kwa manufaa ya utumishi. Hakuna iliyotaja kosa. Polisi hawakuwa wamepata hata nakala moja.

Binti sikumhoji. Wapo wenzangu waliosema kwamba habari bila sauti ya mwathirika haina uhai, nami nikawajibu kwamba mtoto aliyeumizwa na mtu mzima mwenye mamlaka hahitaji mtu mzima mwingine amlazimishe kusimulia ili taarifa ya saa moja jioni ipendeze. Barua tatu, tarehe tatu na kitabu cha kumbukumbu vilithibitisha kila kitu nilichotaka kuthibitisha, kwa sababu habari yangu haikuwa juu ya mwili wa binti. Ilikuwa juu ya ofisi iliyojua na ikahamisha. Nawasihi mlizingatie hili hata kama mtasahau mengine yote. Katika kijiji, ukitaja shule, darasa na mwaka, umemtaja mtoto. Tena marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliyotiwa saini mwezi Oktoba 2022 yaliweka kuwa kosa kusambaza kwa njia ya kompyuta taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Mimi nilimlinda yule binti kabla ya sheria hiyo kuandikwa, na sikuhitaji kuambiwa na Bunge.

Niliandika. Niliandika vizuri, na nalisema hili bila kujidai zaidi ya inavyostahili: kila sentensi ilikuwa na karatasi nyuma yake. Nikaipeleka kwa mhariri wangu mwezi wa Januari. Wale mliofanya kazi katika vyombo vya habari vya Uganda mnajua Januari ni mwezi gani. Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya darasa la saba, kisha yale ya sekondari hufuata, na magazeti na redio hujaa matangazo ya shule, picha za watoto waliobebwa juu juu na namba za simu za kuulizia nafasi. Mwenyekiti wa bodi ya shule niliyoiandika alikuwa pia na shule yake binafsi, na shule hiyo ilikuwa imelipia matangazo ya asubuhi na jioni hadi wiki ya kufungua. Mhariri alisoma habari yangu hadi mwisho, akanisifu kwa dhati, kisha akasema, "Dada, hii tuiweke kwanza." Mpaka leo imewekwa.

Kuna wanaodhani kwamba shule hununua ukimya kwa kuhonga waandishi. Hutokea, na elfu hamsini ya "nauli" imeua habari nyingi kuliko vitisho vya polisi. Lakini ukimya mkubwa hununuliwa kwa risiti halali, kwa bei ya tangazo, na hakuna anayeuona kuwa ni rushwa. Kabla hujaanza uchunguzi wowote wa shule, sikiliza redio yako mwenyewe kwa wiki moja na uandike ni nani anayeilipa. Utajua mapema habari yako itafia wapi, na utatafuta mlango wa pili ukiwa bado na nguvu.

Mlango wangu wa pili ulikuwa mwenzangu mmoja wa gazeti la kitaifa, ambaye nilimwonyesha faili lote ili anisaidie kupata mhariri mwingine. Mwaka uliofuata habari ilitoka, ukurasa mzima, ikiwa na picha ya mojawapo ya barua zile, na pembeni ya tarehe palionekana mstari wa kalamu ya kijani. Kalamu ile ni yangu. Hutumia kijani kwa tarehe, tangu nilipoanza kazi. Jina langu halikuwepo juu ya habari, wala ndani yake, wala chini. Mwalimu alisimamishwa kazi na faili lake likafika polisi, na kwa ajili ya mabinti wale nilifurahi sana. Kwa ajili yangu sikufurahi, na sitajifanya kwamba nilifurahi. Nilimpongeza mwenzangu kwa simu. Akanijibu, "Asante sana dada, tulijitahidi." Ile "tu" yake ndiyo mgao wote nilioupata. Tangu hapo simpi mtu nakala kabla hatujaandikiana, kwa barua pepe yenye tarehe, kwamba kazi ni ya wawili, na nakala halisi hukaa mahali ambapo hata ndugu zangu hawapajui.

Hapo ndipo linapoingia lile swali la jina. Kijana wangu, ombi la taarifa ni lazima liwe na jina la raia halisi, na habari isiyo na jina haina wa kuitetea mbele ya hakimu. Kwa hiyo jina linahitajika, ila si lazima liwe lako ukiwa bado mwanafunzi wa chuo unachokichunguza, ambako hao unaowaandika ndio wanaosahihisha mtihani wako. Mhitimu anaweza kuomba. Mzazi anayelipa ada anaweza kuomba. Habari yenyewe iandike pamoja na mwandishi aliye nje ya chuo, mkiwa mmeandikiana kama nilivyosema. Na ujue hatari zilizopo. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo katika kesi ya waandishi wa habari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, na sote tunaofanya kazi hii leo tunakula matunda ya ukaidi wao, lakini hilo halikumaanisha kwamba mtu mwenye fedha hawezi kukuburuta mahakamani kwa kumharibia jina. Ngao yako hapo ni karatasi, si ujasiri.

Kwa suala la alama, chuo kikuu kina karatasi nyingi kuliko shule yoyote ya msingi. Alama hutoka kwa mhadhiri, hupita idarani, hupita kwenye bodi ya kitivo, hufika seneti na kuishia kwa msajili, na kila kituo hubaki na nakala. Anayeuza alama hawezi kuzibadilisha kote. Tafuta mahali ambapo nakala mbili za karatasi moja hazifanani, na umwache kwanza yule mwanafunzi aliyenunua, kwani naye ni shahidi wako wa kesho. Majina ya wanafunzi usiyachapishe, maana alama ni taarifa binafsi na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ipo, nawe huyahitaji. Soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inayopelekwa Bungeni kila Desemba, hasa sehemu ya vyuo vikuu vya umma, badala ya kungoja mbunge aisome kwa kelele. Fungua tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, uone ni programu zipi zina ithibati na zipi muda wake umekwisha. Mwezi Mei 2023 nchi ilishtuka kusikia kwamba programu nyingi za vyuo vinavyoheshimika, Makerere ikiwemo, zilionekana kwenye tovuti hiyo kuwa zimepitwa na muda. Orodha ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu.

Tena usiridhike chuo kinapokuonyesha sera. Makerere ilikuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia tangu mwaka 2006, na bado mwaka 2018 ililazimika kuunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza unyanyasaji huohuo. Ukionyeshwa sera, shukuru, kisha omba daftari la malalamiko: mangapi yalipokelewa chini ya sera hiyo, mangapi yalisikilizwa, na wahusika wako wapi leo.

Nanyi wazazi, kwa kuwa najua mnasoma, msiketi tena kwenye kikao cha kuyamaliza. Mkiitwa na mwalimu mkuu "kwa mazungumzo ya kifamilia", nendeni na daftari, andikeni waliohudhuria na kilichosemwa, na mkitoka hapo piteni polisi. Nanyi walimu mlio wema, ambao ndio wengi, mnaposema mnalinda jina la shule mnamlinda mtu mmoja na kuwaachia watoto wa watu mzigo. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010, na ofisi ya IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali, hupokea malalamiko ya raia. Na ninyi waandishi wenzangu mnaopokea nauli kutoka kwa mtu mnayemchunguza, acheni kujiita wachunguzi.

Mimi mwenyewe nina ombi masjala ya wilaya moja hivi sasa. Nimeomba orodha ya malalamiko yote dhidi ya walimu, bila majina ya watoto, yaliyofungwa kwa barua ya uhamisho, pamoja na majina ya shule walikopelekwa. Nakala yangu imegongwa muhuri. Siku 21 zinaisha Jumatano, na hati ya kupeleka kwa hakimu mkuu nimeshaiandaa, ila sehemu ya tarehe tu ndiyo sijaijaza.